Manjano na Zafarani

Kaole, Jumatatu, 12 Machi 1951

Pazi,

Mvua ya kwanza imenyesha leo baada ya adhuhuri, na harufu ya vumbi lililolowa imeingia hadi chumbani. Ni siku ya arobaini na tano ya eda yangu. Zimebaki themanini na tatu.

Naandika katika daftari lako la shule, lile lililobaki kurasa tupu baada ya orodha ya darasa la pili. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne na umeinama kushoto. Sina mwingine wa kusema naye. Dada Ashura huniletea maji kila siku, lakini ni mke wa kaka yako Bwanausi, na lolote nimwambialo humfikia mumewe kabla mtungi haujatua.

Alasiri binti yao Mina alisimama mlangoni, hakuingia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Pita."

"Mama amesema nisikuchoshe. Nataka kuuliza tu. Jumamosi za baba mdogo zimekwisha?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Nikatazama sanduku lako chini ya dirisha, chupa zako na sumaku yako na ile bilauri yenye ufa. Nikamwambia aje Jumamosi na wenzake, ila wasipige kelele.

Jumamosi, 17 Machi

Wamekuja watano, na Abdala mdogo wake Mina akawa wa sita, ingawa ana miaka mitano tu na hakualikwa. Tumekaa uani, chini ya kipenu cha jiko.

Nimefanya jaribio lako la yai, kwa kuwa ndilo rahisi. Yai ndani ya maji ya kisima, likazama. Nikawauliza kwanza wanadhani nini kitatokea nikitia chumvi, kama ulivyokuwa ukifanya. Ulisema ukimpa mtoto jibu kabla hajakisia umemnyang'anya. Mmoja akasema litapikika. Nikakoroga chumvi vijiko vinne, vitano, sita, na yai likapanda taratibu kama mtu anayeamka usingizini.

"Linaogelea!" Abdala akapiga kelele niliyokataza. "Nani amelifundisha?"

Nimecheka, Pazi. Kisha nikaona haya, nikavuta kanga usoni.

Jumatano, 21 Machi

Mvua. Paa linavuja upande wa kitanda chako.

Jumamosi, 24 Machi

Leo bilauri iliyojaa maji, kipande cha karatasi juu yake, kisha kuipindua. Hawakuamini kwamba karatasi itazuia maji. Abdala akajitolea kukaa chini yake. Mara ya kwanza karatasi ilishika. Mara ya pili niliipindua kwa haraka mno, na maji yote yakamwangukia kichwani.

"Haidhuru," akasema akijipangusa. "Nimeoga. Leo nisiambiwe tena."

Jumamosi, 31 Machi

Mvua kutwa. Hawakuja.

Jumamosi, 7 Aprili

La leo hukuwafanyia watoto kamwe. Ulinionyesha mimi tu, mwaka tuliooana. Kanga yangu nyeupe ilimwagikiwa mchuzi, nikaifua kwa sabuni, doa la njano likageuka jekundu, nami nikalia nikidhani nimeitia damu. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukakamua ndimu juu ya doa, na wekundu ukarudi kuwa njano.

Basi nimeponda manjano, kiungo kile cha mchuzi, nikayatia maji, tukalowesha vipande vya karatasi na kuvianika juu ya mafiga ya moto. Kila mtoto akapata kipande chake. Tone la maji ya sabuni likawa jekundu, na tone la ndimu likarudisha njano. Wamerudia mpaka ndimu zikaisha.

"Manjano ni mmbea, mama mdogo," Mina akasema. "Akikutana na sabuni hawezi kunyamaza."

Jumamosi, 14 Aprili

Mina ametembea na vipande vyake juma zima. Amejaribu chokaa ya tambuu ya bibi yake, ikawa nyekundu. Maji ya majivu, nyekundu. Ukwaju, hapana. Tui la nazi, hapana. Ameyaandika yote kwa mkaa juu ya ubao wa jiko, na amepigwa kwa ajili ya ubao.

Bwanausi alipita nje, akasema kwa sauti ili nisikie: "Shemeji, hii ni nyumba ya msiba au kiwanja cha mazingaombwe?"

Sikumjibu. Hukuwahi kumjibu nawe.

Alhamisi, 19 Aprili

Mvua usiku na mchana. Kijia cha kwenda barabarani kimekuwa mto mdogo. Ashura ameleta maji akiwa amelowa mpaka kiunoni, akacheka kwamba amebeba maji ndani ya maji. Kwa mara ya kwanza nimempenda kidogo.

Jumatano, 25 Aprili

Abdala ana homa. Nimemsikia akilia ng'ambo ya ukuta.

Alhamisi, 26 Aprili

Homa haijashuka. Nimemwambia Ashura, mpeleke hospitali Bagamoyo, ni mwendo wa saa moja tu, na matope saa mbili. Akasema Bwanausi amekwisha kumwita Maalim Kibwana.

Ijumaa, 27 Aprili

Maalim amekuja baada ya sala ya Ijumaa. Nimesikia sauti yake ukutani, ile ile, ya upole, ya mtu asiye na haraka. Ameandika kombe. Ameandika aya juu ya sahani nyeupe kwa zafarani, akaziosha kwa maji ya waridi, akamimina katika bakuli, mtoto anywe asubuhi na jioni.

"Msiwe na wasiwasi," akawaambia. "Siku ya saba homa itashuka."

Nilikuwa nachambua mchele. Niliuacha.

Alisema hivyo hivyo kwako. Na siku ya saba homa ilishuka kweli, Pazi. Ulikuwa umepoa mwili mzima.

Jumamosi, 28 Aprili

Hakuna mtoto aliyekuja leo, na sababu naijua, kwa maana mji mzima unaijua.

Asubuhi Mina alikuwa akifua shuka za mgonjwa. Mama yake akamwita upesi amshikie bakuli la kombe wakati yeye anamwinua mtoto. Mina akaenda na povu la sabuni mkononi. Likatiririka kwenye vidole, likadondoka ndani ya bakuli. Ashura akaona nyuzi nyekundu zinajinyonga katika maji ya njano, akapiga yowe moja tu.

"Damu! Mwanangu anakunywa damu!"

Watu walijaa uani. Maalim akaitwa, akalitazama bakuli kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wangu na nilisikia kila neno.

"Kuna mkono usio safi uliomgusa mtoto huyu," akasema. "Kafuatana na nani siku hizi?"

 Kisha sauti ya mwanamke, sikuitambua, ikasema: "Si kila Jumamosi yuko kwa mwenye eda?"

Maalim hakusema ndiyo. Alisema, "Mimi sikutaja mtu." Akamwaga kombe lile mchangani, akaandika jingine.

Bwanausi amekuja akagonga mlango wangu kwa fimbo mara mbili. "Shemeji. Watoto wangu wasikanyage tena humu. Na wa wenzangu pia."

"Abdala ana hali gani, shemeji?"

"Hayo niachie mimi."

Nimekaa kitako mpaka giza. Ni kweli huenda nina nuksi. Nimeishi na mtu mwema miaka kumi na moja na sikuzaa, na yeye amekufa. Lakini povu ni povu.

Jumapili, 29 Aprili

Mchana, wakati wakubwa wanapumzika, Mina alipita nyuma ya jiko kupitia pengo la ua. Amekonda.

"Mama mdogo, si damu. Ni kama karatasi zetu."

"Unajuaje?"

Akafungua ncha ya kanga. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi cha njano, kikavu. Kilikuwa cheupe; alikilowesha katika kombe jipya wakati mama yake amegeuka, akakikausha kifuani mwake. Nilitaka kumkaripia na nilitaka kumbusu. Nikaleta sabuni, nikadondosha tone moja. Likawa jekundu. Nikadondosha ndimu, likarudi njano.

"Ni manjano," Mina akasema. "Ametudanganya."

"Ngoja. Labda zafarani nayo hufanya hivyo. Wewe umewahi kuiona zafarani?"

"Sijawahi."

"Mimi pia sijawahi kuishika."

Ndivyo ulivyotufundisha, usiseme hiki ni hiki mpaka umekijaribu na kile kisicho hiki. Nimemtuma kwa Taramati, mke wa Jaysukh mwenye duka la njiani kwenda mjini. Yeye hupikia zafarani pilau la sikukuu.

Na sasa nitaandika jambo ambalo sijaliandika tangu ufe. Siku ya tatu ya homa yako nilikuuliza, "Twende Bagamoyo?" Ukasema, "Kaka amekwisha kumleta Maalim. Nitamwaibishaje?" Wewe uliyewakataza watoto wasikubali hata habari ya yai bila kulitia majini, ulikunywa kwa heshima. Nami nilikunywesha. Sikukulazimisha, lakini bakuli nililishika kwa mikono yangu miwili, asubuhi na jioni, na kila mara nilisema bismillahi na kuamini. Yule niliyemkasirikia miezi hii yote ni Bwanausi, na mlango wa kutokea ulikuwa karibu nami kuliko yeye.

Sisemi kwamba maneno ya Mwenyezi Mungu hayaponyi. Nasema tuliambiwa zafarani.

Jumatatu, 30 Aprili

Siku ya sita ya homa ya Abdala.

Mina amerudi mapema na nyuzi nne za zafarani ndani ya karatasi ya biskuti. Taramati hakutaka kitu. Alimwambia, "Mpe pole Mama Mwalimu. Mwalimu alikuwa mtu mzuri sana. Hii chukua tu. Huku hapana mtu nanunua zafarani, tangu vita mimi napika nayo peke yangu."

Tangu vita. Miaka mingapi hiyo, na makombe mangapi.

Ashura alipoleta maji nilimshika mkono.

"Kaa, dada."

"Sina nafasi, Mwanvita. Anaweweseka. Anazungumza na yai."

"Kaa kidogo tu, kwa ajili yake."

Akakaa ukingoni mwa kinu, mguu mmoja nje. Niliweka visahani viwili. Kimoja maji ya manjano ya jikoni kwangu, kingine maji ya zafarani ya Taramati. Ukivitazama, vyote njano, ingawa cha pili kinanukia. Nikampa sabuni.

"Tia mwenyewe. Nisije nikaambiwa ni mkono wangu."

Akatia kwenye manjano, yakawa mekundu, naye akaruka kidogo. Akatia kwenye zafarani. Tulingoja, mimi na yeye na Mina, kama watu wanaongoja mwezi uandame. Yalibaki njano. Akaongeza povu. Njano.

Mina akaweka mbele yake kipande kingine cha karatasi. "Hii ni dawa ya Abdala, mama. Ile ya jana."

Ashura aliisugua kwa kidole chake chenye sabuni, akatazama kidole, akatazama karatasi.

"Alituambia zafarani," akasema.

"Na alituambia siku ya saba."

"Basi mwanangu anapewa mchuzi," akasema kwa sauti ndogo sana. Kisha akainuka. "Bwanausi yuko shamba mpaka adhuhuri. Nishikie nimfunge mgongoni."

Nilivuka ua. Ni hatua kumi na mbili na sikuwa nimezipiga tangu Januari. Abdala alikuwa moto kama jiwe la jikoni na hakunijua. Nikamfunga mgongoni kwa mama yake kwa kanga mbili. Mvua ilikuwa kubwa na kijia hakionekani. Ashura akasema, "Wewe baki, watasema." Lakini mikono yake ilikuwa nyuma kumshika mtoto, na mwavuli ungeshikwa na nani? Nikatoka. Nimekwenda nao mpaka barabarani, matope mpaka magotini, nikimkinga mtoto kichwa. Hapo lori la nazi likasimama. Nimerudi peke yangu. Wanaume watatu wameniona.

Jumanne, 1 Mei

Siku ya saba. Hakuna habari. Bwanausi ameondoka alfajiri kwenda mjini bila kusema na mtu.

Jumatano, 2 Mei

Hakuna habari. Mvua.

Alhamisi, 3 Mei

Mina anasema Abdala amepigwa sindano na amekunywa uji. Nimeswali rakaa mbili na nimelala mchana kutwa.

Jumatano, 9 Mei

Amerudi. Nimemwona kwa pengo la ua, shingo kama bua la mtama, amekaa juani anakula ndizi. Aliona jicho langu.

"Mama mdogo, wamenidunga matakoni! Mara nyingi, hata sikuhesabu!"

Ashura akamvuta ndani. Hakunitazama.

Jumamosi, 12 Mei

Leo wamesoma hitima ya shukrani. Watu wengi, pilau, na Maalim Kibwana amekaa mbele. Nilikuwa nyuma ya mlango wangu, na Mina aliniletea sahani.

Bwanausi akawashukuru wote. Akasema mtoto amepona kwa lile kombe la pili, lililofuta uchafu wa kwanza, na hospitali ilisaidia kumtia nguvu. Watu wakaitikia. Nilingoja sauti ya Ashura upande wa wanawake. Nilimsikia akisema, "Ongezeni wali huku." Hilo tu.

Zamani nilidhani ni mwoga. Siku ile ya mvua nikadhani ni simba. Leo sijui. Ana watoto wanne na ana mume, na mimi eda ikiisha mwezi ujao sina ukuta wa kuegemea. Labda kila mtu hupewa ujasiri wa safari moja.

Pilau sikulila.

Jumapili, 20 Mei

Mvua inapungua. Asubuhi nimesikia hodi, na fimbo haikugonga.

"Karibu, shemeji." Nilibaki nyuma ya mlango uliorudishwa, kama desturi.

 Niliona vidole vya miguu yake tu chini ya mlango, na matope makavu.

"Wazee wamekutana," akasema. "Wanasema umevunja eda. Wanaume wamekuona barabarani."

"Ilikuwa dharura, shemeji. Dharura inaruhusiwa."

"Najua. Nimewaambia. Lakini wanasema ukimaliza urudi kwa kaka yako Kerege. Nyumba hii nitamweka mpangaji."

"Sawa."

"Sanduku la chupa libaki. Ni la marehemu."

"Sawa, shemeji."

Nikadhani atakwenda. Vidole vyake havikwenda.

"Nilimwendea Maalim," akasema. "Peke yetu. Amekiri. Anasema wakati wa vita zafarani haikuwepo, akatumia manjano, watu wakapona, akaona ni mamoja. Anasema nia ndiyo dawa." Akakohoa. "Mwanvita. Lile alilokunywa Pazi. Lilikuwa manjano?"

Hajawahi kuniita kwa jina langu.

Pazi, nilikuwa na majibu mawili. Ningeweza kusema hapana, lilikuwa na harufu nzuri, na angekwenda zake akalala. Ningeweza kusema ndiyo, na angelala vibaya maisha yake yote, na miezi mitatu iliyopita ningetoa kila nilicho nacho nipate nafasi ya kulisema.

"Sijui, shemeji," nikamwambia. "Hatukulijaribu. Nilimnywesha mimi mwenyewe mpaka tone la mwisho."

"Mimi ndiye niliyemleta."

"Na mimi ndiye niliyeshika bakuli."

Nilisikia akivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo mahali pabaya. Hakusema samahani, wala sikumwambia nimemsamehe. Lakini hakubadilisha neno la wazee, na Mina bado haruhusiwi kuja.

Jumamosi, 26 Mei

Jua. Jumamosi ya mwisho. Hakuna mtu.

Jumatatu, 4 Juni

Eda imekwisha. Ashura amenikogesha asubuhi, kwa kuwa hakuna ndugu mwingine wa kike. Alinimwagia maji kwa kata, akanisugua mgongo, akaanza kulia.

"Sikusema," akasema. "Siku ya hitima. Nilikuwa nalo mdomoni."

"Najua, dada."

"Ungesema wewe."

"Nani angemsikiliza mwenye nuksi?"

Akacheka huku analia, akanipa kanga mpya. Nimeipokea.

Lori la Kerege litapita saa nne. Nina mkeka, sufuria mbili na daftari hili, nimelificha ndani ya nguo kwa sababu nalo lilikuwa la marehemu. Keshokutwa huenda ikawa Ramadhani, na mwaka huu nitafuturu mbali na kaburi lako.

Abdala yuko hai, Pazi. Sasa hivi namsikia ng'ambo ya ukuta akibishana na mama yake kwamba hataki kuoga. Kwa hilo sijuti tope hata moja. Najuta tu kwamba nilijifunza kuvuka ua kwa mtoto wa mwenzangu, na kwako sikuvuka, nawe ulikuwa mkononi mwangu.

Honi imelia. Huko uliko, kama majina yetu hufika, litaje langu. Unikumbuke. Na ukiweza, unikumbuke bila lile bakuli.

Mwanvita